Je, wajua? Kwa nini mvunja mgomo nchini Italia huitwa kwa jina la kabila la Tunisia

Wafanyakazi wakigoma Italia, kisha mwenzao akapenya kuingia kazini, au mwajiri akaleta vibarua wa kushika nafasi zao, jina linalomsubiri mtu huyo getini ni crumiro, linalotamkwa "krumiro". Ni tusi zito, na asili yake iko Afrika.

Kaskazini magharibi mwa Tunisia, mpakani na Algeria, kuna milima yenye misitu ya miti ambayo gome lake hutengenezewa vizibo vya chupa. Juu kuna mji wa Ain Draham. Ukishuka baharini unafika Tabarka. Wenyeji wa milima hiyo ni Wakrumiri, wafugaji ambao hata Bey wa Tunis, mtawala wa nchi, alipata tabu kuwatoza kodi.

Mwishoni mwa Machi 1881 walipambana na askari wa Ufaransa upande wa Algeria, iliyokwisha kuwa koloni. Mapigano ya mpakani kama hayo hayakuwa mageni. Safari hii, hata hivyo, serikali ya Jules Ferry, waziri mkuu wa Ufaransa, ilikuwa inatafuta kisingizio, ikakipata. Aprili jeshi likavuka mpaka kwa madai ya kwenda kuwaadhibu Wakrumiri. Halikuishia milimani. Tarehe 12 Mei, Bey akatia saini Mkataba wa Bardo, na Tunisia ikakaa chini ya Ufaransa hadi 1956.

Katika Kifaransa jina la kabila hilo likageuka tusi, na kutoka hapo likaingia Kiitaliano. Waitaliano walilifuatilia sakata hilo kwa uchungu: raia wao waliokuwa Tunisia walikuwa wengi kuliko Wafaransa, na Roma nayo ilikuwa imeimezea mate nchi hiyo. Migomo ilipopamba moto karne ya 19 ikielekea ukingoni, tusi likamwangukia mvunja mgomo.

Hapo ndipo ninapoona dhuluma. Wakrumiri hawakumvunjia mtu mgomo. Walipigana na jeshi lililokuja kuichukua nchi yao, na jina lao likaishia kumaanisha msaliti.

Wahispania husema esquirol, kutokana na kijiji cha L'Esquirol huko Catalonia. Inasimuliwa kwamba watu wa huko walikwenda kufanya kazi katika viwanda vya nguo vya Manlleu huku wafanyakazi wake wamegoma. Angalau hapo jina lina tendo nyuma yake.

Italia neno limefika hadi kwa mawakili. Crumiraggio ni kitendo chenyewe, nacho kina sura mbili. Mwajiri akiwahamishia kazi za wagomaji wafanyakazi wake wasiogoma, huo ni wa ndani, na mahakama huuruhusu kwa masharti. Akileta watu wa nje, huo ni wa nje, na sheria inamkataza kuwaajiri kwa mkataba wa muda ili kujaza nafasi za waliogoma.