Elimu kwa Umma: Kifaru Hakiingii Darasani

Tangu tuanze kampeni ya kuwahimiza wananchi wasome nyaraka za Ulaya Mashariki, swali ni lilelile: kama Moscow ilikuwa na vifaru vya kivita Poland baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ya nini ihangaike na vitabu na nyimbo? Tunajibu tena, kwa matumaini kwamba safari hii jibu litasomwa.

Kifaru hakiingii darasani. Lugha ya Kirusi iliingia, kama somo la lazima. Mji wa Katowice uliitwa Stalinogród, kwa jina la Stalin, kiongozi wa Kisovieti, kuanzia 1953 hadi 1956. Katikati ya Warsaw, mwaka 1955, lilifunguliwa Jumba la Utamaduni na Sayansi, mita 237 kwenda juu, "zawadi" ya Muungano wa Kisovieti. Hata asiyeitaka aliiona kila asubuhi.

Kazi yenyewe, hata hivyo, ilifanyika Mtaa wa Mysia, Warsaw, kwenye ofisi kuu ya kudhibiti magazeti, machapisho na maonyesho, iliyoanzishwa 1946. Utaratibu ulikuwa huu. Mhariri hupeleka kurasa kabla hazijachapwa. Mdhibiti husoma, hukata, kisha hugonga mhuri. Bila mhuri, mtambo hauwashwi. Gazeti, bango, mchezo wa jukwaani, vyote vilipita hapo. Palipokatwa hujazwa maneno mengine, msomaji asishtuke. Sheria ya 31 Julai 1981 ndiyo iliyoruhusu mhariri kuweka vistari ndani ya mabano mahali palipokatwa, kutaja kifungu kilichotumika, na hata kukata rufaa mahakamani.

Wapo wanaotuandikia kwamba kila mstari ulikatwa na Mrusi. Si kweli, na inachosha kulirudia. Wadhibiti walikuwa Wapolandi, watumishi wa mshahara, wenye maelekezo mezani. Maelekezo hayo tunayajua kwa sababu mmoja wao, Tomasz Strzyżewski wa Kraków, alivuka nayo kwenda Sweden mwaka 1977. Katika maelekezo hayo, kuulaumu Muungano wa Kisovieti kwa mauaji ya maofisa wa Poland huko Katyn mwaka 1940 kulipigwa marufuku. Moscow ilikiri kuhusika na mauaji hayo Aprili 1990.

Nakala za kurasa hizo zenye mabano zinaombwa kwetu kwa fomu, siku tatu kabla ya kuja kuzisoma. Njoo na kitambulisho na penseli. Atakayekutwa na kalamu ya wino atafutiwa kibali kwa siku 30. Rufaa ni kwa maandishi, nakala mbili.