Gololi, kiraka na baruti: yasemwayo kuhusu kuwinda ayala kwa bunduki ya gumegume, na ukweli wake

Nilikulia Tabora, ambako hakuna mtu wa kufafanuliwa neno gobore. Ni bunduki inayoshindiliwa kwa mdomoni: baruti, tambara, marisau au vipande vya chuma, tambara jingine, kisha mdeki wa kukandamiza. Nilipohamia Pennsylvania, huko Marekani, nikawaona majirani wakisafisha bunduki ndefu za kushindilia Krismasi ikikaribia, nilisema moyoni: kumbe na huku wana magobore. Ndugu zangu nyumbani nikawaeleza hivyo hivyo. Nilikosea, na kwa kuwa kosa lile lile nalisikia kwa Waswahili wenzangu kila tukizungumzia uwindaji wa huku, nimeona niliandike.

Kwanza mnyama mwenyewe. Wengi humwita kulungu au paa, lakini hao ni wanyama wetu, wenye pembe zisizodondoka. Huyu wa Marekani, mwenye mkia mweupe kwa chini, ni wa jamii ya ayala. Dume huota pembe zenye matawi, huziangusha majira ya baridi, kisha huota nyingine. Msimu wa gumegume (bunduki ya kushindilia inayowashwa kwa cheche za jiwe) wa Pennsylvania, ulioanzishwa mwaka 1974, siku hizi hufunguliwa Desemba 26 na kuendelea hadi Januari, kwa hiyo baadhi ya madume hukutwa hayana pembe tena. Katika msimu huo bunduki lazima iwake kwa jiwe. Ya fataki, inayowashwa kwa kikofia kidogo kinacholipuka kikigongwa, hairuhusiwi.

Dhana: "Hilo ni gobore tu, limepakwa rangi ya Kizungu."

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chungulia ndani ya mtutu wa gobore la kwetu, utaona ni laini kama bomba la maji. Chungulia ndani ya mtutu wa bunduki ndefu ya Pennsylvania, utaona mifereji inayojizungusha polepole kutoka nyuma kwenda mdomoni. Kazi ya mifereji ni kuizungusha risasi ili iende angani ikijiviringa kwenye mhimili wake, kama pia anayochezea mtoto. Pia inayozunguka husimama, isiyozunguka huanguka. Risasi nayo ni hivyo: ikizunguka hushika njia, isipozunguka hupepesuka.

Wengi wakishaelewa hapo hudhani risasi yenyewe ndiyo inayong'ata mifereji. Siyo. Risasi inayotumika ni ya mviringo kama gololi, tena ni ndogo kuliko tundu la mtutu. Kwa mtutu wa kipenyo cha inchi 0.50, gololi ya kawaida ni ya inchi 0.490. Ukiitumbukiza peke yake itateleza hadi chini kwa uzito wake, na ukiinamisha bunduki itatoka. Kinachoziba pengo ni kiraka: kipande cha pamba au kitani kilichofumwa kwa kubana, kisichofika nusu milimita kwa unene, kikapakwa mafuta. Gololi hukalishwa juu ya kiraka, vyote viwili vikasukumwa kwa mdeki hadi vikae juu ya baruti. Nguo ndiyo inayoingia katika mifereji, nguo ndiyo inayoishika gololi na kuizungusha, na nguo hiyo hiyo ndiyo inayozuia moto wa baruti usipenye pembeni. Risasi hutoka mdomoni bila kugusa chuma.

Nilipolielewa hilo niliacha kabisa kuiita gobore. Tambara la gobore ni kizibo tu. Kiraka hiki ni sehemu ya mashine, kama mkanda katika kinu cha kusaga. Badilisha unene wake kidogo tu, na shabaha iliyokuwa inakusanyika mahali padogo itatawanyika.

Bunduki hizi zilizaliwa mikononi mwa mafundi wahamiaji wenye asili ya Ujerumani na Uswisi, waliofungua karakana maeneo ya Lancaster katika karne ya 18. Walitoka kwao na bunduki za wawindaji zilizokuwa fupi na zenye tundu pana. Msituni Marekani, ambako mtu angeweza kukaa miezi mbali na duka, tundu pana lilikuwa hasara. Ratili moja ya risasi (lugha yetu inaita madini na kombora lake jina moja, na hapa yote mawili ni kweli) hutoa gololi 21 hivi za kipenyo cha inchi 0.60. Ratili hiyo hiyo hutoa karibu 54 za inchi 0.44. Basi matundu yakapunguzwa, mitutu ikarefushwa hadi kupita mita moja. Juni 1775, Bunge la makoloni yaliyokuwa yakipigana na Uingereza lilipoagiza vikosi kumi vya wapiga shabaha, sita vilitakiwa kutoka Pennsylvania, na bunduki waliyokwenda nayo ndiyo hii. Anayesema haina shabaha anawaza mitutu laini ya askari wa zama zile.

Dhana: "Kama haifiki mbali, ongeza baruti."

Gololi ya inchi 0.490 ina uzito wa gramu 11.5 hivi. Kwa kiasi cha gramu tano hadi sita za baruti nyeusi huweza kutoka mdomoni kwa mwendo unaokaribia mita 540 kwa sekunde. Mwendo huo unavutia sana ukiutaja. Lakini umbo la mviringo halipasui hewa vizuri, na likifika mita 90 limebakiwa na kama mita 320 kwa sekunde. Nguvu yake imeshuka kutoka juli zaidi ya 1,600 hadi chini ya 600. Ukiongeza baruti, risasi huanza kwa kasi zaidi, hewa nayo huikaba zaidi, na sehemu kubwa ya nyongeza yako huliwa njiani. Kinachobaki ni teke la bega, moshi, na mara nyingi kiraka kilichoungua kabla ya kumaliza kazi yake.

Anayetaka nguvu anabadilisha kipenyo. Uzito wa tufe hukua kwa mchemraba wa kipenyo, kwa hiyo gololi ya bunduki ya 0.54 ina gramu 14.5 wakati ya 0.45 ina gramu 8.3, ingawa tofauti yao ukiipima kwa rula haifiki milimita mbili na nusu.

Wapo pia wanaobeza gololi kuwa dhaifu mno kwa mnyama wa kilo 80. Hawa nao wanasoma zile juli 600 na kusahau kinachofika. Ni donge la risasi laini lenye upana wa zaidi ya sentimita moja tangu mwanzo, ambalo likigonga hujitandaza liwe pana zaidi. Ndani ya mita 70 au 80, likipita katikati ya mapafu kutoka ubavu mmoja kwenda wa pili, linatosha kabisa. Sharti ni risasi safi bila mchanganyiko. Ukisubu gololi kutokana na vyuma chakavu vyenye bati na antimoni, zinakuwa ngumu, hazitandazi, na kuzishindilia ni taabu.

Umbali ndio unaomtesa mwindaji wa gumegume, na nadhani ndiyo heshima yake pia. Mwenye bunduki ya kisasa na darubini anaweza kumpiga ayala asiyejua kabisa kuwa kuna mtu bondeni. Huyu lazima aingie ndani ya masikio na pua ya mnyama. Akikosa, hana ya pili: kumimina baruti, kukalisha kiraka na gololi, kushindilia na kutia baruti ya kuwashia huchukua nusu dakika kwa mzoefu mwenye mikono mikavu, na katika baridi ya Januari zaidi ya hapo.

Dhana: "Unavuta kifyatulio, unasubiri, halafu ndiyo inalia."

Inatokea, kwa bunduki iliyotunzwa vibaya. Mtambo mzuri wenye jiwe kali hulia ndani ya muda usiofika sehemu ya kumi ya sekunde, na sikio husikia mlio mmoja. Kosa la kawaida ni kujaza pomoni kisahani, yaani kibakuli cha baruti ya kuwashia kilicho ubavuni mwa mtutu, na kuliziba lile tundu dogo linaloingia ndani ya mtutu. Baruti ikishaziba tundu huungua kama utambi, punje baada ya punje. Tundu likiwa wazi, mwako wa kisahani hupenya mara moja. Na cheche hazitoki kwenye jiwe, kama wengi tunavyodhani. Jiwe hukwangua chembe za chuma, na chuma ndicho kinachoungua.

Mvua nayo si mwisho wa safari. Wawindaji hufunika mtambo kwa ngozi iliyopakwa mafuta au nta, huipakata bunduki kwapani, na hubadilisha baruti ya kisahani kila wakiona imeanza kushikana. Adui mkubwa zaidi ni masizi ya mlio uliopita, kwa sababu hunyonya unyevu hewani. Ndiyo maana bunduki hii huoshwa jioni ile ile kwa maji ya moto, ikakaushwa, ikapakwa mafuta. Ikilazwa usiku kucha na masizi, kutu huanza kula mifereji.

Dhana: "Ni ya kizamani, kwa hiyo haina hatari kubwa."

Nasema hili kwa uzito wote: bunduki ya kushindilia husamehe machache kuliko ya kisasa. Anayeishindilia ndiye kiwanda cha risasi. Akiacha pengo kati ya gololi na baruti, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Akitia baruti ya kisasa isiyo na moshi badala ya nyeusi, hata kidogo, anachezea uhai wake na wa walio jirani. Na akisahau kama tayari ameshindilia, atashindilia tena juu ya ile ya kwanza.

Kusahau huko kuna ushahidi wa kutisha. Baada ya mapigano ya Gettysburg, Julai 1863, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ziliokotwa bunduki zaidi ya 27,000 uwanjani. Takriban 24,000 zilikuwa bado zimeshindiliwa, na karibu nusu ya hizo zilikuwa na risasi mbili ndani. Nyingine elfu kadhaa zilikuwa na zaidi ya hapo. Hao walikuwa askari waliofunzwa, ila hofu na kelele ziliwapokonya kumbukumbu. Mwindaji mwenye busara huchora alama mbili kwenye mdeki wake, moja ya mtutu mtupu na nyingine ya mtutu ulioshindiliwa. Haondoki nyumbani wala haipumzishi bunduki bila kuutumbukiza mdeki na kutazama.

Hapa niseme neno la sheria kwa wasomaji wa nyumbani. Sheria ya shirikisho ya Marekani ya mwaka 1968 inaziweka bunduki za kale za namna hii, pamoja na nyingi ya nakala zake, nje ya maana yake ya silaha ya moto, ingawa majimbo yana masharti yao na kibali cha kuwinda ni lazima. Usiibebe hoja hiyo kwenda nayo kwetu. Tanzania gobore ni silaha, na kulimiliki bila leseni ni kosa. Kenya, uwindaji wenyewe ulipigwa marufuku mwaka 1977.

Dhana: "Akipigwa vizuri, huanguka pale pale."

Ayala aliyepigwa mapafuni kwa gololi mara nyingi huruka, huinua au hubana mkia, na hukimbia mita 50, hata 100, kabla ya miguu kumwisha. Mwindaji haoni lolote kati ya hayo, kwa sababu mbele yake kuna wingu jeupe la moshi. Mgeni hudhani amekosa. Au hukurupuka kumfuata, akamwinua mnyama aliyekuwa amelala kufa karibu, naye akatumia nguvu zake za mwisho kuvuka kilima.

Jirani yangu mmoja, mzee ambaye nilimwita babu baada ya msimu wa kwanza naye akalipokea jina hilo, alinifundisha cha kufanya moshi ukiwa bado unaelea. Kwanza shindilia tena, papo hapo, umesimama ulipo. Pili, tia akilini mti ambao ayala alikuwa amesimama mbele yake. Kisha usiende. Kaa nusu saa. Katika nusu saa hiyo yeye hutembea hatua chache mbele, macho chini, akitafuta kiraka kwenye theluji. Huwa hakiendi mbali, kwa kuwa hujitenga na gololi mara tu baada ya kutoka mdomoni. Hukiokota, hukikunjua, hukitazama kwa mwanga. Kikiwa na tundu katikati au kimeungua, gololi ilitoka bila mwongozo, na atafuata damu kwa wasiwasi, polepole sana. Siku aliponifundisha, kiraka kilikuwa kizima, cheusi katikati, kingo zimechanika kidogo pande zote kama ua. Alikitia mfukoni, akaketi juu ya gogo, akanionyesha kwa kidole tone la kwanza la damu lililokuwa kando ya mti, ambalo mimi nilikuwa bado sijaliona.