Barawa, Mji wa Kiswahili Uliosahauliwa Kaskazini: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Tunapofundishwa habari za pwani ya Waswahili, mara nyingi safari huanzia Lamu na kuteremka hadi Sofala, kana kwamba kaskazini mwa Kiunga hakuna lugha ila Kisomali na hakuna watu ila wafugaji. Kwa sababu hiyo Barawa, mji wa bandari wa Banadir, pwani ya kusini mwa Somalia, ulio karibu kilomita 200 kusini-magharibi mwa Mogadishu, unajulikana kwa wasomaji wetu kupitia habari za vita peke yake, na nafasi iliyoachwa wazi imejazwa na dhana ambazo wenyeji wake wamechoka kuzisahihisha.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba lugha ya Wabarawa ni Kiswahili kilichoharibika kwa kuchanganywa na Kisomali na Kiitaliano. Lugha hiyo huitwa Chimwiini, yaani lugha ya mjini, na wengine huiita Chimbalazi. Ni kweli kwamba ina maneno mengi ya Kisomali na Kiarabu, na mengine ya Kiitaliano, lakini kukopa maneno si kuharibika, na sisi tunaosema meza, shule na serikali hatuna haki ya kumlaumu mwenzetu kwa jambo hilo. Wataalamu wa isimu wanaihesabu Chimwiini miongoni mwa tanzu za kaskazini zilizojitenga mapema, nayo imehifadhi mambo ambayo Kiswahili sanifu kimeyapoteza. Urefu wa irabu ndani yake hutofautisha maana. Kitenzi cha wakati uliopita huishia na -ile au -ele, umbo ambalo msomaji wa tenzi za kale za Lamu na Pate atalitambua mara moja: alisoma kitabu, kwa Chimwiini, ni «somele chibuuku». Chakula ni chaakuja, na watu ni waantu. Anayesikia maneno haya na kuyaita makosa anapima lugha ya kale kwa kipimo cha lahaja ya Unguja, ambayo iliteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika karne ya 20 tu.

Wapo pia wanaosema kwamba Wabarawa ni mabaki ya Wareno, kwa kuwa baadhi yao wana ngozi nyeupe kidogo. Kauli hii inageuza historia juu chini. Mwanzoni mwa karne ya 16 kikosi cha Mreno Tristão da Cunha kiliushambulia mji huu, kikaupora na kuuteketeza kwa moto baada ya wenyeji kukataa kutii, kisha kikaondoka na kuendelea na safari yake. Masimulizi ya Wareno wenyewe yanautaja mji uliotawaliwa na wazee badala ya mfalme mmoja, nasi tunaona mfumo huo wa baraza ukiendelea hata karne ya 19. Wakazi wake ni wa asili mbalimbali: Hatimi na Bida, ambao kwa pamoja huitwa waantu wa Miini, masharifu, na Watunni, ambao ni Wasomali na wana sehemu kubwa katika mji na mashamba yanayouzunguka. Kwa hiyo swali la kama Mbarawa ni Mswahili au ni Msomali limeulizwa vibaya tangu mwanzo, maana familia nyingi zimekuwa na lugha mbili na nasaba zilizofungamana kwa ndoa kwa vizazi vingi.

Dhana inayonisikitisha zaidi ni ile inayosema kwamba elimu ilitoka Zanzibar na Lamu ikaenda Barawa, na kwamba Barawa yenyewe haikutoa kitu. Sheikh Muhyiddin al-Qahtani, kadhi mkubwa wa Kishafii huko Zanzibar katika enzi ya Seyyid Said na mtoto wake, alizaliwa Barawa. Mwanafunzi wake, Sheikh Abdulaziz al-Amawy, aliyefariki mwaka 1896 baada ya kuwa kadhi na mshauri wa masultani kwa miaka mingi, naye alizaliwa Barawa. Sheikh Uways bin Muhammad, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1847, alisoma Baghdad akarudi na ijaza, yaani idhini ya kufundisha, ya tarika ya Qadiriyya, na dhikri yake ikavuka Zanzibar na kuingia bara ya Tanganyika. Aliuawa mwaka 1909 huko Biyoley na wafuasi wa Sayyid Muhammad Abdullah Hassan, ambaye alikuwa mpinzani wake mkubwa. Ni vigumu kuandika historia ya Uislamu wa Zanzibar ya karne ya 19 bila kuwataja watu hawa, ila mara nyingi tunawataja bila kutaja walikotoka.

Wala elimu hiyo haikuwa ya wanaume pekee. Dada Masiti, jina lake kamili Mana Siti Habib Jamaluddin, alichukuliwa hadi Zanzibar akiwa bado mdogo, akarejea Barawa na kuwa mshairi mkubwa wa Chimwiini. Steenzi yake maarufu (ndivyo utenzi unavyoitwa kwa Chimwiini), inayokumbusha kwamba baada ya uhai ni mauti, aliitunga mwaka 1909 kwa ajili ya Sheikh Nurein Ahmad Sabir, na Dada Masiti mwenyewe alifariki mwaka 1919 akiwa mzee sana. Daftari la mahakama ya kadhi wa Barawa la miaka ya 1893 hadi 1900 nalo linaonyesha wanawake wakinunua na kuuza nyumba kwa majina yao wenyewe.

Kuhusu utawala, si sahihi kwamba Barawa ilianzishwa na Waomani. Sultani wa Zanzibar alikuwa na mamlaka juu yake katika karne ya 19, mamlaka ambayo Wamisri waliyavunja kwa muda mfupi mwaka 1875, na mwaka 1892 ukatiwa saini mkataba wa kuzikodisha bandari za Banadir kwa Waitalia. Mji ulikuwapo karne nyingi kabla ya hayo yote, na merikebu za Wachina za Zheng He zilifika hapo mwanzoni mwa karne ya 15.

Mwisho kuna wanaodhani kwamba Barawa imekwisha. Vita vilivyoanza mwaka 1991 viliwapora Wabarawa nyumba zao, wengi wakavuka bahari hadi kambi za Mombasa, kisha wakatawanyika hadi London, Atlanta na Columbus. Mji wenyewe ulikuwa mikononi mwa al-Shabaab hadi Oktoba 2014. Hata hivyo watu hawajaondoka wote, na walioondoka wameichukua lugha. Mmoja wa wana wa mji huo, Mohammad Imam Abasheikh, alikwisha kuandika tasnifu ya udaktari juu ya sarufi ya Chimwiini katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1978, kabla ya vita, na msamiati aliosaidia kuukusanya unatumiwa na watafiti hadi leo. Steenzi za Dada Masiti bado zinasomwa, nyingine na vijana ambao hawajawahi kuiona bahari ya Barawa.