Noah ya mkononi: namba E haikwambii bei

Ikifika Oktoba, familia zikianza kuwaza safari ya Moshi ya Desemba, simu yangu hujaa picha za Toyota Noah za mkononi, yaani zilizokwishatumika hapa nchini. "Kaka, hii wanataka milioni 14, napigwa?" Picha yenyewe huwa ya namba ya usajili, kana kwamba bei imeandikwa pale.

Dhana: Namba inaonyesha umri wa gari

Hii ndiyo inayokula pesa za watu. Mtu akiona namba E, yaani ile ambayo herufi zake zinaanza na E, ya usajili wa karibuni, anaongeza milioni mbili bila kuulizwa. Ukweli ni kwamba zile herufi zinaeleza gari lilisajiliwa lini Tanzania. Lilitengenezwa lini, hazijui. Noah yenye namba ya chesisi inayoanza na AZR60 ni ya toleo lililotengenezwa kuanzia mwishoni mwa 2001 hadi 2007, hata uivishe namba gani. Namba mpya ina maana moja ya kweli: gari halijala mashimo yetu muda mrefu. Hilo lina thamani yake, ila usililipie kama ujana.

Soma mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi, kisha inama usome chesisi yenyewe, ulinganishe. Na usishangae ukikuta SR40, ile Noah ya zamani yenye injini ya 3S, bado ina bei. Mafundi wengi wanaipenda kwa sababu haina makuu, wakati D-4, injini ya AZR60 inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, inachagua mafuta na inachagua fundi.

Dhana: Bei ya haki ni ile ya matangazo mengi

Zile ni bei za kuombea. Ndiyo maana chini yake wanaandika "maongezi yapo", na ndani yake kuna cha juu cha dalali, pengine cha madalali wawili.

Mimi huanzia bandarini. Tafuta gari kama hilo hilo linauzwaje Japani pamoja na usafiri mpaka Dar. Ingia kwenye kikokotoo cha kodi za magari katika tovuti ya Mamlaka ya Mapato (TRA), jaza aina, mwaka na ukubwa wa injini. Kitakutolea ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, VAT, na ule ushuru wa uchakavu ambao AZR60 haikwepi kwa kuwa imeshapita miaka 10. Ongeza gharama za bandari na wakala wa forodha. Jumla hiyo ndiyo kikomo. Kwa nini ulipe zaidi kwa gari ambalo mwenzako ameshalitumia? Hapo hapo utaelewa kwa nini magari yetu hayashuki bei haraka: kodi ya kuingiza lingine ndiyo inayoyashikilia.

Kutoka hapo unashuka. Tuseme kikomo kimekuja 20,000,000. Fundi wako (wako, si wa dalali) anasema matairi, shokapu na kompresa ya AC vitakula 2,400,000. Hiyo unaitoa yote. Kisha unatoa cha miaka ambayo gari limetembea hapa, na huko hakuna kanuni, ni mdomo wako na wa muuzaji.

Dhana: Likiwaka vizuri, ni zima

Nilimsindikiza binamu yangu Sinza. Dalali akatupokea kwa bashasha: "Gari haina kipengele, bosi. Unawasha, unaondoka." Kabla hajawasha nikaweka kiganja juu ya boneti. Ya moto. Gari ambalo eti halijatoka tangu jana! Injini huchemshwa mapema ili mlio na moshi wa kuwasha kwanza usionekane. Tukaomba turudi kesho yake saa moja asubuhi, na tukamwomba asiliguse. Lilipowashwa likatoa moshi wa bluu, dalili ya oili kuungua ndani. Dalali akapunguza laki nane hata kabla hatujafungua mdomo. Binamu hakuinunua.

Dhana: Kilomita chache, bei juu

Kilomita zinarudishwa nyuma. Tazama raba za pedali, usukani na kiti cha dereva. Kwenye Noah, fungua ule mlango wa kuteleza mara tano: ukikwama na kuruka kwenye reli yake, pengine umeshapandisha watoto wa shule wengi, hata dashibodi ikisema 78,000. Inua na kapeti. Kutu na harufu ya tope ni hadithi ya mafuriko, na gari lililolala miaka mingi karibu na bahari huliwa kuanzia chini.

Dhana: Rimu na mziki vinaongeza thamani

Kwa muuzaji, ndiyo. Wewe unanunua gari.

Dhana: "Halidaiwi" inatosha

Bado kuna wanaodai kuonyeshwa stika ya road license, na ada ile ilifutwa 2017. Kinachopaswa kuangaliwa ni faini za barabarani, na hizo zinaonekana kwenye mfumo wa polisi ukiingiza namba ya gari. Mkubaliane pia nani analipia kubadilisha umiliki TRA, maana gharama ile ni sehemu ya bei. Jina kwenye kadi lifanane na la anayepokea pesa. Nikiambiwa mwenye gari "yuko safarini, ila tumeongea", huwa naita bajaji.