Je, Wajua? Profumo Hakuangushwa na Uzinzi

Kwa miaka mingi niliamini, kama waaminivyo wengi, kwamba John Profumo, Waziri wa Vita wa Uingereza, alipoteza cheo mwaka 1963 kwa sababu ya uzinzi. Tarehe zenyewe zinakataa. Profumo, ambaye alikuwa na mke, alikutana na Christine Keeler, mwanamke wa miaka 19, mwezi Julai 1961, na akaendelea kushika wadhifa wake kwa karibu miaka miwili baadaye. Alijiuzulu tarehe 5 Juni 1963, baada ya kukiri kwamba tarehe 22 Machi alilidanganya Bunge aliposema kuwa hapakuwa na jambo lolote lisilofaa kati yao.

Kwa nini uongo uwe mzito kuliko tendo? Chukua mizani ya dukani. Mnunuzi hana haja ya kujua mwenye duka analala na nani. Anachohitaji ni jiwe la kilo moja liwe kilo moja kweli. Siku likigundulika kuwa limechongwa, shaka haibaki kwenye unga wa siku ile tu, bali huenea hadi kila kilo iliyowahi kupimwa hapo, kwa kuwa mnunuzi hana kipimo kingine. Kauli ya waziri bungeni ndiyo jiwe hilo, maana wabunge hawawezi kuingia ofisini mwake kupekua majalada, na usimamizi wao hutegemea neno lake.

Hoja kwamba uhusiano huo ulihatarisha usalama wa nchi ni dhaifu kuliko inavyosimuliwa. Ni kweli kwamba Keeler alifahamiana pia na Yevgeny Ivanov, ofisa wa jeshi la majini katika ubalozi wa Kisovieti, na kwamba mwenye siri ya aibu huweza kushurutishwa na anayeijua. Lakini ripoti ya Septemba 1963 ya jaji Denning, aliyechunguza sakata hilo, haikuona kuwa siri za nchi zilivuja. Hofu hiyohiyo ilitumika Marekani, chini ya amri ya Rais Eisenhower ya mwaka 1953, kuwafukuza watumishi wenye uhusiano wa jinsia moja, hadi mwaka 1969 mahakama ya rufaa mjini Washington, katika kesi ya Norton dhidi ya Macy, ilipoitaka serikali ionyeshe kwanza jinsi mwenendo wa faragha unavyodhuru kazi. Kwa kipimo hicho, ambacho nakiona cha haki, kosa la Profumo kwa umma lilianza siku aliposimama bungeni.