Utamaduni wa Kuona: Chungwa, Jembe na Kanga katika Siasa Zetu

Mwezi Novemba mwaka 2005 Wakenya walipiga kura ya maoni kuhusu rasimu ya katiba mpya, na Tume ya Uchaguzi ikaipa kila upande alama yake: ndizi kwa waliokubali rasimu, chungwa kwa walioikataa. Ni matunda ambayo hayakosekani sokoni, na kabla ya hapo hakuna aliyeyahusisha na chama wala kabila. Kampeni zilipopamba moto watu walikwenda mikutanoni wakiwa wameyashika mkononi, na tarehe 21 chungwa likashinda kwa takriban asilimia 58 ya kura. Kinachonishughulisha mimi, kama msanifu michoro, ni kilichofuata. Kura ilikwisha, lakini chungwa halikurudi kuwa tunda tu. Liliwapa jina walioipinga rasimu, kisha likawa chama kizima, ODM (Orange Democratic Movement), ambacho herufi ya kwanza ya jina lake ni tunda lile lile na rangi yake ni ya ganda lake. Alama iliyotolewa kwa shughuli ya siku moja ikawa kitambulisho cha mamilioni ya watu kwa miaka mingi.

Kisa hiki ndicho ninachokitumia ninapoulizwa maana ya utamaduni wa kuona. Kwa maneno machache, utamaduni wa kuona ni vile vyote ambavyo jamii inaviweka mbele ya macho yake, pamoja na mazoea yanayowafanya watu wa jamii hiyo wavisome kwa namna moja. Bendera imo, picha ya rais iliyotundikwa ukutani ofisini imo, na imo pia rangi iliyopakwa kwenye mlango wa duka, maandishi ya nyuma ya daladala, kibao cha kinyozi na kanga aliyojifunga mama anayekwenda msibani. Sanaa ya makumbusho ni sehemu yake ndogo tu. Usanifu michoro, yaani kazi ya kupanga herufi, rangi na picha ili ziwasilishe jambo, ni ufundi unaoongeza vitu vipya katika hazina hiyo, lakini hauwezi kuongeza kitu ambacho watu hawana mazoea yoyote ya kukisoma.

Neno lenyewe limechaguliwa vizuri. Hatusemi utamaduni wa kutazama, kwa sababu kutazama ni kazi ya macho peke yake. Kuona kunakwenda mbali zaidi, maana katika Kiswahili mtu huona haya, huona njaa, huona uchungu, na akiamua jambo husema ameona afadhali afanye hivi. Kuona ni kupokea kitu kwa mwili na kwa akili kwa pamoja. Mpiga kura anayekuta jembe kwenye karatasi haangalii chuma na mpini tu, kwani anaona pia shamba, mvua, jasho la wazazi wake, na pengine hotuba aliyoisikia akiwa mtoto.

Nimetaja jembe kwa makusudi. Katika uchaguzi wa wabunge wa mwaka 1965 huku Tanzania Bara, wakati nchi ilipokuwa na chama kimoja, wagombea wawili wa TANU walishindana karibu katika kila jimbo, na ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua, mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine nyumba. Nia ilikuwa kupata alama mbili zenye uzito sawa. Lakini mtu aliyezoea kazi yetu anaona haraka kwamba hakuna alama mbili zinazolingana. Katika taifa la wakulima lililokuwa likihimizwa usiku na mchana kujenga nchi kwa kazi, jembe lilikuwa tayari limebeba sifa kabla mgombea hajafungua mdomo. Nyumba nayo ilikuwa na utetezi wake, kwa kuwa jembe hulala ndani ya nyumba na mavuno huhifadhiwa humo. Mgombea hakuchora alama yake, ila alilazimika kuishi nayo.

Chama Cha Mapinduzi kilipozaliwa tarehe 5 Februari 1977, kwa kuunganishwa TANU na Afro-Shirazi, kililichukua jembe hilo hilo na kulipishanisha na nyundo, mkulima na mfanyakazi, juu ya kitambaa cha kijani. Mahali ambapo vyama vya kijamaa vya Ulaya viliweka mundu, sisi tuliweka jembe, kwa sababu mundu si chombo ambacho mkulima wa Kiafrika hukikumbuka anapofikiria kulima. Badiliko hilo moja linanifundisha zaidi kuliko kurasa nyingi za nadharia: wazo lilitoka mbali, lakini halikuweza kuonekana hadi lilipovaa umbo la chombo kinachofahamika nyumbani.

Mfano wa karibuni ni toroli, ambalo Wakenya wengi huliita wilbaro, alama ya chama cha UDA katika uchaguzi wa mwaka 2022. Yapo mabishano mengi kuhusu siasa za chama hicho, na sitayaingilia. Ninalolitazama ni kwamba waliolichagua walitambua kitu ambacho watu wanakiona kila siku kwenye maeneo ya ujenzi na masokoni lakini ambacho hakikuwa na heshima yoyote ya kiserikali, wakakiunganisha na kaulimbiu ya «kazi ni kazi», na chombo cha kubebea mchanga kikawa hoja kuhusu nani anathaminiwa na nani anadharauliwa. Hoja hiyo unaweza kuikubali au kuikataa. Huwezi kusema hukuielewa.

Rangi husomwa kwa njia hiyo hiyo. Wakenya waliporudi kwenye kura ya maoni tarehe 4 Agosti 2010, matunda hayakutumika tena, na badala yake waliokubali katiba walipewa kijani, waliokataa wakapewa nyekundu. Rangi inaonekana kuwa kitu kisicho na upande, mpaka ukumbuke kwamba kila aliyewahi kusimama kwenye taa za barabarani anajua kijani kinamruhusu kupita na nyekundu inamzuia. Siwezi kudai kwamba rangi ndizo zilizoamua matokeo, kwani watu walikuwa na sababu zao nzito. Ninachosema ni kwamba upande mmoja uliingia uwanjani ukiwa umevaa rangi ya ruhusa, na mwingine rangi ya hatari.

Watu wengi hudhani kwamba maana hizi huamuliwa katika vikao. Nyingine huamuliwa na gharama. Fulana za kampeni huchapwa kwa fremu zilizotandikwa kitambaa laini, wino ukisukumwa kupita kwenye matundu yake, na kila rangi huhitaji fremu yake. Rangi nne ni fremu nne na mizunguko minne ya kazi, kwa hiyo anayetaka fulana maelfu kwa bei nafuu huishia kwenye rangi moja au mbili juu ya kitambaa chenye rangi ya chama. Zambarau ni mtihani wa peke yake. Kwenye kompyuta inang'aa, lakini wino ukipimwa vibaya husogea kuelekea bluu, na hapa Tanzania, ambako zambarau ni ya chama cha ACT-Wazalendo na bluu imo kwenye bendera ya CHADEMA, kosa la wino linaweza kumvalisha mtu chama ambacho si chake. Alama ya kwenye karatasi ya kura nayo huchapwa ndogo, kando ya picha ya mgombea, kwa hiyo mchoro wenye mistari myembamba hupotea. Kila ninapochora nembo ya aina yoyote huipunguza hadi ifikie ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, nikaiondolea rangi zote, ndipo ninapojua kama nimechora kitu au nimepamba tu.

Lakini mahali ambapo utamaduni wetu wa kuona hukutana na siasa kwa undani zaidi, kwa maoni yangu, ni kanga. Kanga ina pindo linaloizunguka pande zote nne, ina mji, yaani eneo la katikati lenye mchoro, na ina jina, yaani maneno yaliyoandikwa ndani ya fremu chini ya mji. Mpangilio huo ni wa kale kuliko vyama vyetu vyote, na kila chama kinachotaka kuwafikia wanawake wa pwani na bara hulazimika kuutii. Niliwahi kupewa kazi ya kupanga kanga ya mgombea mmoja, na nikaiweka sura yake katikati ya mji, ikapendeza sana mezani. Fundi cherehani mmoja, mama mtu mzima, aliitazama kwa muda, akajifunga kiunoni, kisha akageuka. Sura ya mheshimiwa ilikuwa imekaa sawasawa kwenye makalio yake. Hakucheka. Aliniambia tu, «Mwanangu, kanga haikai ukutani, kanga inavaliwa.» Nilirudi kwenye kompyuta, nikaisogeza picha, nikaifanya ndogo, nikaiacha alama ya chama ijirudie mjini kote, na jina nikaliandika kwa herufi nene kwa sababu ndilo litakalosomwa na anayemfuata mvaaji njiani.

Tangu siku hiyo, nikipewa kazi ya kisiasa huanza kwa kuuliza kitu kitavaliwa wapi, kitashikwa na nani na kitaishia wapi. Bango hubanduliwa au humezwa na mvua katika wiki chache. Kanga hubaki. Mwezi wa kwanza huvaliwa mkutanoni, mwaka wa pili hufungwa jikoni, halafu ikishalainika kwa kufuliwa ndipo inapofaa kwa mbeleko, na mtoto hulala mgongoni kwa mama yake ndani ya kijani, njano, zambarau au bluu, shavu likiwa limegusa jina ambalo bado hajui kulisoma.