Moshi wa Thieta: Maswali ya Wahudumu wa Afya Tabora

Dayathemi, kile kifaa cha umeme cha kukatia na kuchomea nyama wakati wa upasuaji, ikigusa nyama, ule moshi una nini?

Sehemu kubwa, kama asilimia 95, ni mvuke wa maji. Hatari imo katika asilimia 5 iliyobaki: chembe za damu na nyama iliyoungua, vipande vya virusi na bakteria, na kemikali kama benzini.

Kwani virusi haviungui?

Si vyote. Mwaka 1988 watafiti Marekani walikuta vinasaba vya HPV, virusi vinavyoleta chunjua na saratani ya shingo ya kizazi, katika moshi wa leza iliyochoma chunjua. Mwaka 1991 ikaripotiwa kutoka Norway habari ya daktari wa miaka 44 aliyeota vivimbe vya HPV kwenye zoloto; alikuwa akiwachoma wagonjwa chunjua za sehemu za siri kwa leza. Kwa hiyo nawasihi sana wenzetu wanaotibu dalili za awali za saratani ya shingo ya kizazi kwa kitanzi cha umeme: HPV ndiyo iliyowaleta wale akina mama mezani, na uso wako uko karibu mno na moshi.

Na VVU?

Hakuna mhudumu aliyethibitika kuambukizwa kwa moshi. Sindano na visu ndivyo vya kuogopa.

Navaa barakoa ya upasuaji. Haitoshi?

Haitoshi. Ile humkinga mgonjwa na mate yako. Chembe za moshi wa dayathemi zina wastani wa mikromita 0.07, nazo hupita pembeni mwa mashavu. Barakoa ya N95, ile inayochuja chembe ndogo, ikibana vizuri inasaidia zaidi, ila gesi haizizuii.

Sisi tuko kituo cha afya wilayani Kaliua, mashine ya kunyonya moshi hatuna. Tufanyeje?

Msaidizi ashike mrija wa sakisheni (mashine ya kufyonza damu na majimaji), ncha isizidi sentimita 5 kutoka pale panapounguzwa, na asiuondoe hadi moshi uishe. Hili ndilo la kwanza, hata kabla ya barakoa. Sakisheni ya kawaida humudu moshi kidogo tu, tena iwekewe kichujio. Bila hicho mashine ndogo hutema hewa ileile chumbani. Feni nayo haiondoi moshi, inausambaza. Mpasuaji atumie nguvu ndogo ya umeme inayotosha kazi. Mrija na kichujio vitupwe pamoja na taka zenye maambukizi.

Nina pumu, na kila baada ya zamu nakohoa.

Dada, mwambie msimamizi wako leo, uandikiwe taarifa na upimwe. Wakati ukisubiri, omba usipangwe karibu na dayathemi.